Kabla ya nguzo nyingine kusimikwa: barua ya wazi kuhusu majina ya mahali mlimani

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya anwani za makazi, ardhi na ramani, tawala za mikoa na serikali za mitaa, na utamaduni. Pamoja na madiwani, watendaji wa kata na watendaji wa vijiji vya milimani.

YAH: MAJINA YA ASILI YA MAHALI KUANDIKWA KABLA HAYAJAPOTEA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Kijiji changu sikitaji. Waliofanya nitakayoyaeleza ni majirani zangu, tunazikana na kuozana, na hawakufanya kwa ubaya. Ninachotaka ni jambo hilo lisirudiwe, na pale lilipokwisha kufanyika lirekebishwe wakati bado kuna mtu wa kuulizwa.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi. Niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Aliyewahi kumwelekeza dereva wa gari la wagonjwa usiku wa mvua, simu ikiwa imebakiza chaji kidogo, hawezi kupinga namba ya nyumba. Kwetu vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vimeshikana, migomba imefunika njia, na nyumba ya mtu huioni mpaka uwe umeingia uani kwake. Kwa hiyo ofisi ya kijiji ilipomleta kijana mwenye simu ya kuingiza taarifa kwenye mfumo wa NaPA, mfumo wa kielektroniki wa anwani za makazi, nilimpokea vizuri, tukazunguka naye siku nne.

Siku ya pili tukafika Masaleni.

Masaleni ni pale njia itokayo juu inapovuka mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia. Pande zote mbili za mfongo yamesimama masale, mengine yamepita kimo cha mtu, mashina yake yamekauka na kujikunja kama vidole vya mzee. Kwa asiyetoka kwetu, isale ni mmea unaopandwa mpakani mwa kihamba na mpaka ukaheshimiwa bila ukuta wala senyenge. Ndilo jani analoshika mtu anapokwenda kuomba msamaha pia. Ukiletewa isale na mtu aliyekukosea, humfukuzi. Pale koo mbili ziligombania zamu ya maji, mtu akaumizwa vibaya, na baada ya misimu kadhaa ya kununiana wazee wakapatana. Masale yakapandwa huku na huku, zamu zikagawanywa upya, na mahali pakaitwa hivyo. Nilisimuliwa na bibi yangu, naye alisimuliwa na wakwe zake. Hakuna faili la kesi hiyo popote. Kilichobaki ni masale yenyewe na jina.

Kijana akauliza, "Mwalimu, barabara hii inaitwaje?" Nikamwambia, Masaleni. Akatazama simu, akanijibu kwa adabu: "Kikao cha juzi kimepitisha iitwe Barabara ya Amani."

Nilisimama pale muda kidogo nikitafuta la kumwambia. Amani ni neno jema, na nimelifundisha miaka yangu yote ya kazi. Lakini Masaleni nayo inataja amani, tena inataja amani ya nani na nani, waligombania nini na waliipataje. Barabara ya Amani haina habari hiyo. Nguzo ilisimikwa hatua sita kutoka kwenye masale, na watoto wanaosoma sasa darasa la tatu wanasema "tukutane Amani".

Baadaye niliomba kuona orodha yote. Njia 34 zilipewa majina mchana mmoja, katika kikao kilichoanza kwa kuchelewa na ambacho wengi waliondoka kuwahi kukata majani ya ng'ombe. Umoja, Upendo, Mshikamano, Maendeleo, Amani, na majina ya viongozi wa kitaifa ambao tunawapenda lakini hawakuwahi kukanyaga njia zile. Orodha ya namna hiyo ungeweza kuichukua ukaibandika Lushoto, Mgeta au Rungwe bila kubadili hata herufi moja. Hakuna aliyekaa chini kuandika majina yaliyokuwepo. Kijana wa watu alikuwa na nafasi moja tu ya kujaza, akajaza alichopewa.

Jina la mahali, Waheshimiwa, huku mlimani ni kumbukumbu ya maji, ya ardhi, ya hatari na ya waliotangulia, na linaishi mdomoni mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika. Naomba yaandikwe kwanza. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya kwa nini.

Anayeuona mlima kutoka mbali huupa jina moja. Anayeishi juu yake hana sababu ya kufanya hivyo. Wazee wetu walikitaja kilele kimoja Kibo, na matamshi yao ya zamani yalikuwa Kipoo, chenye madoadoa, kwa jinsi mwamba mweusi unavyojitokeza kwenye theluji. Na kingine walikitaja Mawenzi, au Kimawenze, kilichovunjika na kubaki meno. Kila mtoto wa Kichagga aliwahi kusimuliwa kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, siku moja Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo sababu mmoja ana kichwa cha mviringo na mwenzake amechakaa vile. Ukitazama kutoka kwetu jioni, mawingu yakiwa yamefunguka, unaona hadithi yote kwa macho yako. Jina la Kilimanjaro ndilo lililoandikwa na wageni. Mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann alipoiona theluji tarehe 11 Mei 1848, mwongozaji wake alimwambia tu kwamba kile cheupe ni baridi.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wenzangu wa majina hawapendi kulisikia. Maana nyingi tunazozisambaza ni za kubuni. Njaro yenyewe wengine wanasema ni weupe, wengine pepo wa baridi, wengine msafara, na wengine wanalipeleka jina zima kwenye Kichagga kwamba ni kile kilichomshinda msafiri. Wote hawawezi kuwa sahihi. Mtego mkubwa kwetu ni Kiswahili chenyewe, lugha ninayoipenda. Angalieni majina ya uchifu wa zamani mlimani hapa: Moshi, Mamba, Siha, Mkuu. Kila moja linafanana na neno la Kiswahili, na kila moja limeshatungiwa kisa: moshi wa volkano, mto wenye mamba, watu wenye siha njema. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Majina hayo yalikuwa midomoni mwa watu ambao Kiswahili kiliwafikia baadaye na misafara, na maana zake, kama bado zipo, zinatafutwa kwanza katika lugha za nyumbani: Kivunjo, Kimachame, Kirombo, Kikibosho na nyinginezo. Afisa akija kukusanya majina, namwomba aandike kwanza jina linavyotamkwa na nani analitumia. Maana ije baadaye, na ikiwa haijulikani, aache nafasi wazi.

Kuna majina yasiyohitaji kubuni kwa sababu yanajieleza yenyewe. Vunjo tuna Mamba Komakundi na Mamba Kotela. Ile "ko" ya mwanzo ni nyumbani kwa, kama Mswahili anavyosema kwa fulani. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo kandokando ya barabara kuu, ndiyo tukapata Kwa Sadala kule Hai. Machame wana Nkwarungo na Nkwansira. Ukivuka kwenda Meru unakuta Nkoaranga, Nkoanrua, Nkoarisambu. Mtu asiyejua lolote la historia anasikia kwa masikio tu kwamba watu hawa wana undugu, na kweli lugha za Machame na Meru ni za jamaa moja. Nenda tena upande wa Siha, unakuta Ngare Nairobi, ambayo ni Kimaasai kitupu, maji baridi. Na upande wa pili wa Mlima Meru kuna Ngare Nanyuki, maji mekundu. Leo pale pana wakulima wa mahindi na maharage wa kila kabila. Jina linamkumbusha kila mmoja wao kwamba mfugaji alinywesha ng'ombe hapo kabla yake. Katika nchi yenye migogoro ya wakulima na wafugaji, si vibaya kukumbushana jambo hilo hata kwa kibao cha barabarani.

Wala sisemi ni ya kale tu yenye thamani. Moshi mjini kuna mtaa unaitwa Soweto, kama ule wa Afrika Kusini, na jina hilo linakuambia watu walikuwa wanasikiliza habari gani redioni. Vijiji vingi vina "Kwa Mhindi" ambapo hakuna Mhindi, duka lilifungwa zamani na paa limeanguka. Yote hayo ni historia. Yaandikwe.

Serikali imewahi kubadili majina kwa haki, na hilo nalitambua. Kilele cha juu kabisa mpanda milima wa Kijerumani Hans Meyer alikiita kwa jina la Kaisari wake mwaka 1889, na kikabaki hivyo mpaka Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha Mwenge na bendera usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, kikawa Uhuru. Kambi za njia ya Marangu zilikuwa Bismarck na Peters. Peters yule yule, mkoloni wa Kijerumani, ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Leo ni Mandara na Horombo, majina ya watawala wa hapa hapa mlimani. Nilipopandisha wanafunzi wangu hadi Mandara, niliona fahari kuwaeleza hayo. Walioondoa Bismarck walirudisha jina la mwenye nyumba. Kikao chetu kiliondoa jina la mwenye nyumba, tena hakikuwa na Mjerumani hata mmoja ndani yake.

Kuna madhara madogo zaidi, ya kiutawala, ambayo hayakukusudiwa. Moshi ya Mangi, yaani chifu, Rindi na ya Mangi Meli, huyo aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, ilikuwa juu kwenye migomba. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji ukakulia kituoni na jina likashuka nao. Wenye jina wakabaki juu wakiwa wamebandikwa neno la Kiingereza mbele, na mpaka leo kata zao ni Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi.

Na hiyo mashariki na magharibi nayo ni habari nyingine. Kwetu mtu hasemi anakwenda kaskazini. Anapanda au anashuka. Mgeni ukimwelekeza unamwambia, shuka mpaka kwenye daraja, kisha panda kwa mkono wa kulia. Kata zilipogawanywa ikatumika dira: Kilema Kaskazini, Kilema Kati, Kilema Kusini, Mamba Kaskazini na Kusini, Mwika vivyo hivyo, Marangu Mashariki na Magharibi. Upande wetu tunajitahidi kwa sababu bahati kaskazini ndiko juu. Rombo, ambao wako mashariki mwa mlima, juu kwao ni magharibi, na tambarare inayoshuka kuelekea Kenya ni mashariki. Dira iko sahihi siku zote, lakini miguu ya mkazi wa mlimani haitembei kwa dira. Rombo nawasifu kwa jambo moja. Kata zao nyingi zimebeba majina mawili kwa pamoja: Katangara Mrere, Kirongo Samanga, Mrao Keryo, Shimbi Kwandele. Ni marefu kujaza kwenye fomu, lakini hakuna upande uliofutwa.

Niseme sasa juu ya mambo mawili niliyoyaona mwenyewe, kwa sababu najua wapo watakaosema haya ni mapenzi ya wazee kwa mambo ya kale.

La kwanza ni ardhi. Jirani yangu, mjane, alishitakiwa barazani na shemeji yake kuhusu kipande cha kihamba. Alikuwa na hati ya mauziano ya mwaka 1971, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, imekunjwa mpaka mistari ya mkunjo imetoboka, na ina alama za dole gumba za mashahidi wanne, wote marehemu. Hati ilitaja mpaka kwa majina: kuanzia mahali fulani, kufuata mfongo fulani, mpaka kwenye jiwe fulani. Wajumbe wa baraza walikuwa vijana, wawili hawakuwa wenyeji. Wakauliza, mahali hapa ni wapi? Kwenye orodha ya barabara za kijiji halimo. Kwenye simu halimo. Shemeji, ambaye alizaliwa pale na anapajua vizuri, akasema hajawahi kusikia jina hilo. Kesi iliahirishwa mara tatu mpaka akapatikana bibi mmoja wa miaka zaidi ya 90, akabebwa kwa bajaji, akaonyesha mfongo kwa fimbo yake, akalitaja jiwe kabla hajaulizwa. Mjane akapata haki yake. Bibi yule tumemzika mwaka uliofuata. Hati za namna ile ziko masandukuni mwa nyumba nyingi mlimani, na ufunguo wa kuzisoma ni majina ambayo hayamo katika mfumo wowote wa Serikali.

Mifongo ndiyo inayoniuma zaidi. Ramani inaonyesha mito. Mifongo mingi haionyeshi, au inaonyesha mstari usio na jina. Lakini kila mfongo una jina, mara nyingi la ukoo au la mtu aliyeupima kwa jicho na kuuchimba kwa jembe la mkono kutoka mtoni, ukipita mabonde na kingo bila kupoteza mwinamo. Kila mfongo una meni mfongo, msimamizi wa zamu na wa siku za kuukarabati. Akiitisha kazi, anaitisha kwa jina la mfongo, na kila kaya inajijua. Mfongo uliokosa jina haukarabatiwi na mtu, na maji yanakwenda kutoboa ukingo kwingine. Hilo nimeliona kwa macho, upande wa juu wa shule niliyofundisha.

La pili ni hatari. Kwetu kuna korongo ambalo jina lake kwa Kichagga chetu, nikilifasiri, ni pale mlima ulipotapika. Jina lenyewe silitaji maana litakitaja na kijiji. Wazee hawakujenga chini yake. Walipanda miti, walikata majani ya mifugo, lakini nyumba hapana, na ukiwauliza sababu walikutajia jina tu, kana kwamba inatosha. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilileta mawe makubwa kama tangi la maji, yakalala pale pale kwenye ile miti. Baadaye viwanja vikakatwa. Kwenye anwani njia hiyo imeandikwa Maendeleo, na sasa kuna nyumba tano, mbili za tofali za kuchoma, wenyewe ni vijana waliotoka sehemu nyingine ambao hawana lugha ya kusoma jina la zamani hata wangelisikia. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Sisemi jina lingewaokoa wale; sijui wenyeji wa kule wanapaitaje. Nasema kwamba siku ile nilikaa mbele ya redio nikiwafikiria vijana wangu watano, na kesho yake nilikwenda kuwaeleza jina la pale walipojenga. Mmoja alinishukuru. Mwingine aliniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kabla hajanunua, na sikuwa na jibu.

Wakati mwingine jina linasalimika kwa sababu linaingiza fedha. Pale Marangu kuna maporomoko ya Kinukamori, na mgeni akilipa kiingilio anasimuliwa habari za Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaenda kujitupa, akaghairi, akageuka na kukutana uso kwa uso na chui. Kisa kinahuzunisha, na nafurahi kwamba kimehifadhiwa. Ila Masaleni haina maporomoko, wala korongo letu halina mtalii. Ulinzi wake ni nyinyi.

Wala halitakuwa jambo geni duniani. Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu usanifishaji wa majina ya kijiografia ulifanyika Geneva mwaka 1967, na tangu hapo ushauri umekuwa kwamba majina yakusanywe uwandani, kwa wanaoyatumia, kama wanavyoyatamka. Afrika Kusini walitunga sheria ya baraza la majina ya kijiografia mwaka 1998. Sisi tuna Kiswahili kinachotuunganisha kwa namna ambayo majirani wanaitamani, na nadhani ndiyo maana tumekuwa wepesi wa kudhani kwamba jina la lugha ya nyumbani kwenye nguzo ni ukabila. Nimefundisha watoto wa makabila mengi darasa moja na sijawahi kuona jina la kijito likiwagombanisha. Mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa kwetu alilijua Masaleni sawa na mtoto wangu, kwa sababu ndiko walikokuwa wakiteka maji.

Ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji bajeti kubwa. Nguzo nyingi za 2022 zilikuwa za bomba au mbao, na nyingi kwetu zimeinama au zimeng'olewa, kwa hiyo zitabadilishwa siku moja mtake msitake. Kabla ya kubadilishwa, mkutano wa kitongoji uitishwe kwa ajenda hiyo peke yake, asubuhi, si siku ya gulio, na wazee waletwe wakiwamo wanawake, maana wao ndio waliotembea njia za maji na kuni na wanayajua majina kuliko wanaume wanaokaa mbele kikaoni. Jina lililokuwepo liandikwe kwanza. Likishakuwepo, lipewe haki ya kubaki, na anayetaka kuliondoa aeleze sababu mbele ya mkutano. Pale jina jipya limeshazoeleka, kama Amani yetu, kibao kipya kibebe yote mawili. Kwenye mfumo iongezwe nafasi ya jina la asili na nafasi ya sauti, mzee alitamke, simu irekodi. Herufi zetu za Kiswahili hazibebi kila sauti ya Kichagga, Kipare au Kisambaa, na mara nyingi mwandikishaji huandika alivyosikia. Mifongo, chemchemi, makorongo na miamba viingizwe pia, hata kama havina nyumba ya kupewa namba. Na walimu wa darasa la tano na la sita waruhusiwe kulifanya hili kuwa kazi ya wanafunzi, wakamuulize bibi na babu nyumbani, maana mwanafunzi hadai posho wala usafiri.

Najua inawezekana kwa sababu nilishafanya. Mwaka 1987 niliwapa darasa la tano kazi hiyo, wiki mbili, kila mtoto alete majina ya mahali matano na mtu aliyemwambia. Nina kaunta buku lenye majina 117 ya eneo ambalo unalizunguka kwa miguu asubuhi moja. Mengine yameandikwa kwa namna tatu tofauti, na ukingo wa kurasa umeliwa na mende. Mwezi uliopita nilikaa na binti yangu tukaweka alama ya msalaba kwa kila aliyetajwa kama chanzo ambaye amefariki. Katika wazee 43, wamebaki wanne. Mmoja ni meni mfongo wetu wa zamani, haoni vizuri tena, lakini ukimshika mkono na kumtembeza kando ya mfongo anakutajia kila mahali kwa mlio wa maji.

Daftari hilo niko tayari kulileta ofisini kwenu, au linakiliwe hapa hapa nyumbani. Mkiweza, nileteeni yule yule kijana mwenye simu, alikuwa na adabu na ana mwandiko mzuri. Tutaanzia kwenye banio la mfongo, kule juu, saa moja asubuhi kabla ukungu haujashuka. Mzee anatembea polepole, kwa hiyo tutahitaji siku nzima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
mteremko wa kusini, Kilimanjaro